Vyumba Sita vya Kustaafia

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, na atakayeona makosa ayasahihishe kimya kimya.

Kazi yangu ni kujenga. Nimejenga Karatu tangu mji ukiwa maduka machache kando ya barabara, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Baba aliacha tembe moja na majembe mawili, na tulikuwa ndugu saba. Sikurithi kitu. Kiwanja changu, nyumba yangu, ada za wanangu, vyote vilitoka kwenye mwiko na timazi. Wapo mafundi wanaojenga nyumba mbili kwa simenti ya nyumba moja, ya pili ikiwa yao. Mimi sijawahi kuiba hata kopo. Waulize wote niliowajengea, na walio hai ni wengi.

Walionilisha ni watu wa mishahara. Walimu, wauguzi, makarani, madereva wa watalii. Mkulima akivuna anajenga, akikosa anaacha. Mwenye mshahara hana msimu. Yeye anapandisha kozi mbili za tofali mwezi huu, kozi moja mwezi ujao, Januari hakuna kwa sababu ya ada, kisha mwaka mzima hakuna, kisha anakopa na ukuta unaruka mpaka linta, juu ya madirisha. Ukisimama mbele ya pagale la mwalimu unaona maisha yake yote. Tofali hizi nyeusi za chini zilinyeshewa miaka mitatu. Hapa mtoto alikwenda chuo. Hapa alimzika mama yake. Ukimuuliza akiba yake ya uzeeni iko wapi, anakunyooshea kidole: ile pale.

Nilikuwa naona hiyo ni akili kubwa kuliko zote. Nilisema hivyo hadharani, na kwa sauti.

Dada yangu anayenifuata aliolewa na mwalimu wa sekondari, mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri, asiyejua kubishana. Kiwanja chao kiko kwenye kilima, ukitoka mjini kwa barabara ya Endamarariek. Upepo pale hauishi, lakini siku ya jua unaona ukingo wa msitu wa Ngorongoro wote. Mwanzo shemeji alitaka vyumba vitatu na sebule. Nikamchorea chini kwa kijiti, akakubali, tukachimba msingi.

Halafu magari ya watalii yakaongezeka. Kila ukisimama pale kilimani unayaona yanapita kule chini kwenda geti la Ngorongoro, moja nyuma ya lingine. Kila mwenye mshahara Karatu akaanza kufanya hesabu ileile kichwani: hawa watu wanalala wapi? Muuguzi mmoja akaongeza vyumba vinne nyuma ya nyumba yake. Karani akaongeza vitano. Shemeji akaja kwangu Jumapili baada ya ibada.

"Fundi, nikiongeza vyumba sita vya selfu pale nyuma?" Selfu ni chumba chenye choo na bafu humo humo ndani. "Nikistaafu nisiwe namtegemea mtoto. Wageni wawili tu kwa wiki, mimi na dada yako tunakula."

"Sita?"

"Karani ana vitano."

Nikacheka, nikamwambia kiwanja kinatosha hata nane. Hapo ndipo nilipoanza kumkosea, maana mimi nilijua kuwa maji hayafiki kile kilima. Maji yao yalikuwa yakipandishwa na punda, madumu manne kwa safari moja. Choo kimoja cha kuvuta kinakunywa dumu zima watu wawili wakiamka asubuhi. Nilijua, na nikajenga vyoo sita. Nilijiambia umeme ulifika, maji yatakuja. Pia nilikuwa nataka kazi. Wacha niseme hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Ukabaki mwaka mmoja shemeji astaafu. Kuta zilikuwa zimefika ringi bimu, ule mkanda wa zege wa juu, hakuna paa, na mibaazi imeota ndani ya chumba namba tatu. Siku hiyo nilikuwa juu ya jukwaa. Akaja na mwalimu mwenzake, mwanamke wa makamo anayefundisha hesabu. Yule mama alizunguka nyumba yote, akarudi akipangusa vumbi kwenye viatu.

"Mwalimu, hongera. Ndefu kama zahanati."

"Zahanati ina wagonjwa," shemeji akasema. "Hii itakuwa na Wazungu."

"Na maji?"

Shemeji akaniangalia mimi. Nikajibu nikiwa kule juu. "Yatakuja. Nguzo za umeme zilipanda hapa, maji yatashindwaje?"

"Yatakuja lini, fundi?"

"Mimi si mtu wa idara ya maji, mama. Mimi ni mtu wa tofali."

Hakukasirika. Alikaa juu ya rundo la mchanga, akamweleza shemeji kwa utaratibu, kama yuko darasani. Mkupuo ukitoka, yaani zile fedha anazopewa mstaafu kwa mara moja, asiziguse zote. Apaue vyumba vitatu vya mwanzo, ahamie. Vile sita aviache vilivyo. Fedha inayobaki anunue hatifungani za serikali. Unaikopesha serikali, akasema, nayo inakulipa faida kila baada ya miezi sita, miaka na miaka, na mwisho inakurudishia ulichoweka. Yeye mwenyewe anazo, alianza na kidogo. Kuna na vipande vya mfuko wa uwekezaji, unaweka hata kiasi cha bei ya mfuko wa mahindi.

Shemeji alisikiliza, kichwa ameinamisha. Niliona limemwingia. Nikapiga tofali kwa mwiko, nikasema, "Mama, hizo hati ukizipandia mbegu zinaota?"

Wakacheka wote wawili. Lakini shemeji aliendelea kumuuliza maswali mpaka wakaondoka, wakiteremka kilima taratibu, yeye akichora tarakimu hewani kwa kidole. Nami niliumia. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia la kufanya, leo anasikiliza mwanamke mwenye karatasi.

Wasiojua desturi ya walimu wetu niwaambie. Mwalimu akistaafu, wenzake wanamfanyia sherehe ya kumuaga, na zawadi kubwa ni mabati. Wanachanga, wananunua bando la bati za msauzi, zile za rangi, wanalibeba mabegani wakiimba mpaka mbele ya meza yake. Hakuna anayempa mtu hatifungani kwa nyimbo. Shemeji alipewa bati thelathini. Aliposhika ya kwanza, machozi yalimtoka.

Msema chochote akaniita nizungumze kwa niaba ya upande wa mke. Nilikuwa nimevaa koti langu la harusi ya binti yangu. Nilisalimia kwa Kiiraqw, wazee wakaitika, nikageukia Kiswahili ili walimu wote wanielewe.

"Nimesikia kuna watu wanamshauri shemeji yangu akanunue karatasi," nikasema. "Mimi sijasoma, naomba mnieleze. Mvua ikinyesha, dada yangu atajifunika karatasi?" Nikachukua ratiba ya sherehe mezani, nikajiwekea kichwani, nikakunja mabega kama mtu anayenyeshewa. Watu wakaanza kuvunjika mbavu. "Na wageni wakija? 'Karibuni, karibuni ndani. Hii ni sebule.'" Nikaigeuza ratiba upande wa pili. "'Na hiki ndicho chumba cha kulala.'"

Ukumbi ulilia kwa kicheko. Mzee mmoja alishikilia meza asianguke. Yule mama wa hesabu alicheka kidogo kwa adabu, kisha akaangalia sahani yake. Shemeji naye alicheka, lakini mkono ulikuwa unakunjakunja kona ya kitambaa cha meza, na nilijua nimeshinda. Baada ya hapo angesimamaje mbele ya watu hao hao akaseme amenunua karatasi?

Nilimkuta dada yangu nyuma ya ukumbi akifunika masufuria ya pilau.

"Umewafurahisha watu, kaka," akasema.

"Si unawajua walimu, wanapenda maneno."

"Na mimi nilikuwa naitaka hiyo karatasi."

"Wewe?"

"Tulishakubaliana. Wiki iliyopita."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Akabana mfuniko kwa kitambaa. "Ungeniacha niseme?"

Nilimwambia nyama iliyobaki isifunikwe bado, watu wa mbali bado hawajala.

Mkupuo ulipotoka tulijenga miezi mitano bila kusimama. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Nilipaua vyumba vyote, vitatu vya mbele na sita vya nyuma, kenchi za kubeba paa za mbao ngumu, msumari ukiingia hautoki. Sakafu nilimwaga zege nene, kokoto safi, nikalimwagilia siku kumi na nne kwa maji ya punda mpaka punda wenyewe wakawa wananichukia. Juu yake nikasiriba simenti, nikaipiga pasi ikang'aa. Fedha ikaishia kwenye milango. Bado vitanda, magodoro, tangi la maji, masinki. Shemeji akaenda benki kukopa kwa dhamana ya pensheni yake ya kila mwezi. Wanawapa wastaafu mikopo hiyo kwa haraka sana. Makato yakawa ya miaka mingi, na kilichokuwa kinabaki kila mwezi kilitosha unga, mafuta na chumvi.

Kasisi akaja kubariki. Alinyunyiza maji chumba kwa chumba, namba moja mpaka sita. Nilisimama mlangoni nikijiona mimi ndiye mwenye nyumba.

Kisha tukasubiri wageni.

Sijui niseme nini kuhusu kusubiri kule. Dada yangu alikuwa akitandika vitanda sita kila asubuhi, na kupangusa vumbi la upepo, na asubuhi inayofuata anapangusa tena. Shemeji aliweka kiti barazani, daftari la wageni magotini. Magari yalikuwa yanapita kule chini kama zamani. Watalii wana lodji zao, wamelipia tangu kwao, hawashuki barabarani kutafuta kitanda. Hata wale wenye fedha kidogo walilala mjini, karibu na chakula na maji. Na kilima chetu chote kilikuwa kimejaa wastaafu barazani, kila mmoja na vyumba vyake. Yule muuguzi mwenye vinne, karani mwenye vitano, wote wanaangalia barabara ileile. Ungepita jioni ungedhani ni watu wanaosubiri maandamano.

Mwaka wa kwanza walilala watu watano. Mmoja alikuwa dereva, gari lake lilivunjika springi. Asubuhi alitoka chumbani akauliza, "Mzee, maji ya chooni mbona hakuna?" Shemeji akambebea ndoo mwenyewe. Mwalimu mstaafu wa sekondari, ndoo mkononi, akimpelekea dereva maji ya chooni. Nilikuwepo. Niliangalia pembeni.

Mtu ataniuliza: na wewe uliyewacheka wenye karatasi, akiba yako iko wapi? Mimi sikuweka fedha benki. Niliweka ng'ombe. Walikuwa kumi na wawili, kwa rafiki yangu wa Kimasai kule Sale, huko mbali ng'ambo ya Ngorongoro. Ni utaratibu wa miaka mingi: yeye anachunga na kukamua, mimi nahesabu ndama, na kila baada ya muda anachagua mtamba mmoja awe wake. Nilikuwa nikiwaambia watu, "Pensheni yangu inakula majani." Mvua zikakosekana misimu miwili mfululizo. Rafiki yangu akapiga simu, akasema, "Njoo uone ngozi." Nilikwenda. Walibaki wanne, mbavu nje, hawawezi hata kufukuza nzi. Tukawaswaga mpaka mnada wa Loliondo kwa siku tatu, mmoja akalala njiani hakuamka tena. Watatu niliwauza kwa bei ya kutukanwa. Rafiki yangu alikuwa amepoteza wake wengi kuliko wangu. Ningemdai nini? Tulikunywa chai bila maziwa, nikapanda gari.

Kwa hiyo bado nashika mwiko, na magoti haya.

Mwaka jana, mwezi wa sita, shemeji alikuja kwangu akiwa amevaa koti.

"Fundi, nataka uniezulie bati."

"Limevuja wapi?"

"Halijavuja. Nataka uzitoe zile za nyuma. Nimepata mnunuzi. Na mbao za kenchi anazitaka."

Nilikaa. Nilimuuliza kama dada yangu anajua. Akasema ndiye aliyemtafuta mnunuzi.

Tulifanya kazi ile siku mbili. Mimi juu, shemeji ameshika ngazi. Misumari ya paa niliyopiga mimi iligoma kutoka, kila mmoja nilipigana nao kwa mtarimbo, na niliona aibu kwa sababu sehemu fulani ya moyo ilikuwa inafurahi kwamba inagoma. Zilipofika zile bati thelathini za walimu, aliziweka kando, akazipangusa kwa mkono wa koti. Nilitaka anilaumu. Ningekuwa na la kujibu. Nikamuuliza kutoka juu, "Shemeji, ile karatasi ya yule mama. Ingekuwa inalipa sasa hivi?"

"Angalia mguu, hapo mbao imelegea," akasema.

"Nimekuuliza."

"Yeye amestaafu mwaka huu. Analipwa. Anaishi vyumba viwili." Akanipokea bati. "Ana miwani mipya."

Basi. Hayo tu ndiyo aliyowahi kuniambia.

Mnunuzi alikuja na lori dogo. Ni bwana afya, bado miaka minne astaafu, ana kiwanja upande wa pili wa kilima. Alizigonga bati kwa kidole, akasifu, akaniuliza kama ni mimi niliyepaua.

"Ni mimi."

"Basi nakuhitaji. Najenga vyumba vinane, selfu."

Nikamwambia ukweli. Nilimwonyesha kuta zile zilizo wazi, na masinki makavu, na shemeji amesimama pale. Nikamwambia, "Bwana, jenga viwili ulale. Kilichobaki kanunue hatifungani."

Alicheka sana. Akatoa risiti mfukoni, akaiweka kichwani, akakunja mabega. "Karibuni, hii ni sebule!" akasema. Dereva wa lori naye akacheka, alikuwa anaujua utani huo. Kumbe kichekesho changu kimezunguka Karatu nzima miaka yote hii, kinasimuliwa kwenye sherehe za watu wa mishahara, na hawajui ni cha nani. Shemeji aliangalia chini.

Sikumwambia bwana afya kuwa mimi ndiye. Na Jumatatu nilikwenda kumpimia msingi. Sina ng'ombe.

Mvua za vuli zilipoanza, dada yangu aliniita. Alikuwa amesimama katikati ya chumba namba nne, kanga kichwani, mvua nyembamba inamwangukia humo ndani.

"Kaka, nimefikiri. Kuta zinazuia upepo. Mbuzi hawaingii. Ukinivunjia sakafu, chini si kuna udongo? Nitapanda maharage na figiri."

Ilikuwa hesabu nzuri. Pale kilimani kila unachopanda upepo unakilaza. Nikaenda kuchukua nyundo kubwa na mtarimbo, nikavua koti. Nikapiga. Nyundo ikaruka ikarudi, mikono ikafa ganzi mpaka mabegani. Nikapiga tena palepale. Kikatoka kipande cha ukubwa wa kijiko. Nikahamia kwenye kona, nikahamia mlangoni. Shemeji akaja, akashika mtarimbo, mimi nikawa nagonga. Tulipiga mpaka saa sita mchana, vizee viwili, na tulichopata kingejaa kofia.

Zege lile nililimwaga mimi. Kokoto zilioshwa, ndoo za simenti nilizihesabu mwenyewe, nikalimwagilia siku kumi na nne. Sikuiba hata kopo.

Dada yangu alikaa kwenye kizingiti akituangalia. Maji ya mvua yalikuwa yamesimama juu ya sakafu, hayana pa kwenda, sakafu imekaa sawa kabisa, haina mteremko hata kidogo.

"Acha, kaka," akasema. "Utaumia mgongo."

Akaenda kuleta ndoo, akaanza kuyateka yale maji ya sakafuni kwa kikombe, ya kufulia.